Bahari Isiyopwa

Jumatatu, 30 Juni

Bi Time, mdogo wake mama ninayekaa kwake hapa Stratford, amenambia nikiwa na maneno mengi kiasi hiki niyaandike, maana yeye akirudi kazini anataka kutazama tamthilia yake kwa amani. Basi nayaandika.

Naitwa Shaame, miaka ishirini na tatu, mtu wa Pemba, Landani mwaka wa nane. Skuli sikumaliza vizuri. Nilichonacho kichwani nimekiokota mwenyewe, kwenye simu na maktaba. Naweza kukwambia nyangumi analala vipi, na kwa nini ndege waliokaa juu ya waya hawapigwi na umeme. Kazi yangu kuangalia wazee majumbani, na wiki tatu sasa ejensi ya kazi imenipa mzee wa Harrow, saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Treni ya Jubilee mpaka Wembley Park, halafu ya Metropolitan. Karibu saa nzima njiani, nasoma.

Mzee mwenyewe ni Mhindi wa Unguja, Bwana Praful, miaka themanini na mbili. Kaondoka Zanzibar kijana, mwaka wa sitini na nne. Kiharusi kimemlaza upande wa kushoto, na tokea kimpige, anavyosema bintiye Sapna, Kiingereza kimerudi nyuma na Kiswahili kimekuja mbele. Asubuhi akiamka haongei kingine. Ndiyo wakataka mtu kama mie.

Siku ya kwanza kaniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akacheka nusu ya uso, nusu ya pili haitaki tena. "Mpemba," akasema. "Basi nisikuudhi, utanigeuza mbuzi."

Nampenda huyu mzee.

Alhamisi, 3 Julai

Mvua. Nimefika nimelowa, nimeondoka nimelowa.

Jumapili, 6 Julai

Leo mzee kanitolea albamu za picha. Nne, nzito kama matofali. Nikafungua ya kwanza, ufukwe. Ya pili, ufukwe uleule. Nikamuuliza kama hapa duniani hapana pahala pengine.

Kumbe kila Julai, miaka thelathini na moja, yeye na mkewe Bi Sudha walikwenda kijiji kimoja cha Krete, Ugiriki, wiki mbili, hoteli moja, chumba kimoja. Mti mmoja ule, majani membamba kama manyoya, na chini yake viti viwili. Nywele za mzee tu ndizo zinabadilika, nyeusi, kijivu, kisha hakuna. Bi Sudha kavaa kofia ya ukili wa kusukwa miaka yote. Maji ya buluu mpaka unadhani picha imetiwa rangi. Na nimeona kitu kimoja: katika kila picha maji yapo palepale, hatua tatu kutoka mguu wa kiti. Nikajisemea huyu mzee hodari, anajua kuchagua saa ya kupiga picha.

Bi Sudha kafariki miaka sita nyuma. Walipomchoma, mzee akachukua majivu, akaenda nayo kule, akaingia baharini mpaka kiunoni na kumwachia pale mbele ya mti. Akamwambia atakuja kila mwaka kumsalimia. Ikaja korona. Kikaja kiharusi. Hajarudi hata mara moja.

"Nataka kusimama ndani ya maji yale," kanambia. "Mara moja tu. Hata kwa kushikwa."

Nikamwambia mie nitamshika. Maneno yamenitoka bila kufikiri, kama kawaida yangu.

Alhamisi, 10 Julai

Sapna kaniita jikoni. Huyu mwanamke simpendi. Anazungumza na simu sikioni huku anazungumza na wewe, na kila kidonge cha babake kina karatasi yenye saa imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Kiswahili anakielewa, anajibu kwa Kiingereza. Anasema daktari kamwambia moyo wa mzee umechoka, asipange mambo ya Krismasi. Kwa hiyo tunakwenda Krete. Wiki moja, yeye, mzee na mie, tarehe ishirini na sita.

Kwenye treni ya kurudi nimetabasamu mpaka mama mmoja akahama kiti.

Jumatano, 16 Julai

Nimeazima vitabu vitatu. Mizeituni yao mingine ina miaka elfu mbili na bado inazaa. Wadudu wanaolia mchana kutwa juu ya miti ni madume peke yao, majike kimya. Kuna yungiyungi linaota mchangani kwenye chumvi na linafunguka jioni. Vyote hivyo nimemsomea mzee, naye ananambia hii naijua, hii naijua, hii siijui.

Jumamosi, 26 Julai. Krete

Tumefika. Mlango wa ndege ulipofunguka ilikuja harufu, majani makavu, kama mtu kapondaponda dawa mkononi. Mzee kanambia ni zaatari ya porini, jani la kutia chakulani. Njia nzima ni mawe, mbuzi na mizeituni ya kijivu. Wale wadudu wanapiga kelele mpaka hujui kama ni wao au ni masikio yako.

Tunalala mapema wote. Dirishani bahari imetulia, haipigi hata kofi.

Jumapili, 27 Julai

Naandika yote, kwa mpangilio, ili nione mwenyewe.

Saa tatu asubuhi Sapna kachukua gari kwenda mjini kutafuta dawa moja aliyoisahau Harrow, yeye na karatasi zake nyekundu. Kanambia nimpeleke baba ufukweni, akiweza aingie maji, na tusingoje jua kali.

Nikamsukuma. Ule mti upo. Mzee alipouona akashika kiti kwa mkono wake mzima. Bahari mbele yetu kama kioo. Nilikuwa naona samaki wadogo kutoka pale niliposimama, na mawe ya chini moja moja. Hapakuwa na upepo, wala mtu, isipokuwa mume na mke Wazungu wamelala kifudifudi wakigeuka rangi. Ufukweni kuna tuta la majani makavu ya kahawia. Nilifurahi, nikasema mwani. Nikasoma kwenye simu, kumbe si mwani, ni nyasi ya baharini, ina maua na mbegu kabisa. Nikamweleza mzee, akatikisa kichwa.

Sasa. Pale ufukwe ni mwembamba, mteremko, na mchanga laini na kokoto. Nilijaribu kiti, magurudumu yakazama mpaka nusu. Kumbeba peke yangu nikaogopa. Nikiteleza naye je? Nikafikiri kama ninavyojua kufikiri. Mama yangu kule Pemba analima mwani. Udogo wangu wote nimeamshwa kwa maji, si kwa saa. Mwezi umeandama juzi, hili ni bamvu, siku ambazo bahari inapwa mbali kuliko zote, na saa nne na nusu, saa tano, itakuwa imekwenda zake na kuacha mchanga mgumu tambarare. Kiti kitapita kama kwenye lami. Ningemfikisha mpaka kwenye kina cha magoti bila kumtikisa.

Nikamwambia, "Mzee, tusubiri maji yapwe."

Akanitazama muda. Kisha akasema, "Haya. Tusubiri."

Tukakaa chini ya mti. Nikamhadithia jinsi kwetu unavyotembea nusu saa mpaka kuyafuata maji, na watoto wanavyookota pweza. Naye kanihadithia jinsi wao watoto wa mjini walivyokuwa wakiitazama bahari kutoka dirishani na kuwaonea wivu watoto wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, walioachiwa kushuka. Tukacheka. Saa nne. Nikaweka jiwe kwenye ukingo wa maji kuwa alama. Saa tano. Jiwe limelowa vilevile. Nikasema huku wamechelewa kidogo, labda kwa sababu ya majira. Saa tano na nusu kivuli kikatukimbia. Jua lile si la mchezo. Mzee akaanza kupumua kwa mdomo, shingo ikalegea. Nilikuwa nampepea kwa albamu aliyokuja nayo.

Sapna akaja saa sita kasoro, mbio, viatu mkononi. Akauliza kwa nini bado tupo pale, na kama baba kaingia majini. Nikamweleza. Bamvu, mwezi, mchanga mgumu, yote. Akatazama jiwe langu, akanitazama mie. Kwa mara ya kwanza tokea nimjue kanijibu kwa Kiswahili, cha kitoto, pole pole.

"Hapa maji hayaendi popote, Shaame."

Bahari hii imefungwa. Mlango wake mmoja, mwembamba, kule Gibraltar. Inapanda na kushuka kwa kiasi cha kiganja. Nimesoma sasa hivi. Dakika mbili tu za kusoma. Nimesoma habari za yungiyungi, za mizeituni ya miaka elfu mbili, na hili sikulisoma, kwa sababu hapana mtu anayeuliza kama bahari inapwa.

Tumemrudisha ndani, tumemlowesha kitambaa kichwani. Kesho mapema, kasema Sapna, sote wawili tutambeba.

Jumatatu, 28 Julai

Upepo. Umeanza alfajiri kutoka kaskazini. Mwenye hoteli anasema ndiyo upepo wao wa kila mwaka, ukija unakaa siku tatu, au sita, au tisa. Bendera nyekundu ufukweni.

Jumanne, 29 Julai

Upepo.

Jumatano, 30 Julai

Upepo. Mawimbi yanapiga palepale nilipoweka jiwe. Tumemsogeza mpaka kwenye ukuta wa hoteli, chumvi ikamrukia miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Nimekwenda kumuomba mlinzi wa ufukwe dakika tano tu. Akanionesha bendera.

Watu wa hoteli wanafurahi, wanasema upepo huu unapunguza joto. Anga safi kabisa. Usingekuwepo upepo ungesema hii ndiyo picha ya kwenye albamu.

Ijumaa, 1 Agosti

Upepo. Nimeingia mwenyewe, nimepigwa chini mara mbili, nimejaza chupa ya maji ya bahari. Nitamtilia kwenye beseni Harrow aweke miguu.

Jumamosi, 2 Agosti

Chupa niliiweka kwenye mkoba wa mkononi. Wameitupa uwanja wa ndege, mbele yangu, kwenye pipa lililojaa mafuta ya kujipaka jua.

Kutoka dirishani nimeiona bahari tulivu. Upepo umekatika leo.

Jumatano, 6 Agosti

Nilidhani Sapna atanibadilisha. Jana kanipa ufunguo wa nyumba, kasema asubuhi anataka kulala nusu saa zaidi. Leo nilipofungua nilimkuta kalala kwenye kochi na nguo za kazini, kalamu nyekundu mkononi. Kumbe usiku anaamka kila baada ya saa mbili kumgeuza baba yake. Miezi yote hii. Nikamtoa kalamu, asijichore.

Jumatatu, 11 Agosti

Mzee hali chakula. Nimempikia uji wa mchele, kanywa vijiko vitatu kwa kunihurumia.

Jumanne, 19 Agosti

Leo nimemuomba radhi. Nilikuwa namnyoa ndevu, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia nimekuharibia, mzee, siku ilikuwa ile moja na mie nimekuharibia.

Akasubiri nimalize upande wa shavu, maana akizungumza uso unacheza.

"Nilijua," kasema.

"Ulijua nini?"

"Kuwa haipwi. Miaka thelathini na moja, Shaame, nisijue?"

Nikamuuliza mbona hakunambia. Akachukua muda mrefu, siku hizi anayatafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo.

"Hapana aliyewahi kunambia tusubiri maji yapwe, tokea nitoke nyumbani. Nikapenda kusubiri." Kisha akasema, "Nilidhani kesho ipo."

Nimemaliza kumnyoa. Nimemkata kidogo chini ya kidevu.

Jumapili, 24 Agosti

Nina wazo, na safari hii zuri. Landani ina bahari. Southend, saa moja na nusu kwa gari kutoka Harrow. Bahari zote zinashikana, ile ya Krete inatoka Gibraltar, inapanda mpaka huku. Nimemuonesha mzee kwenye ramani kwa kidole. Kafuata kidole changu kwa kidole chake mpaka mwisho.

"Sudha alikuwa hapendi baridi," kasema. Kisha, "Haya. Atavaa sweta."

Jumanne, 26 Agosti

Sapna kakataa. Kasema moyo hauwezi, barabara ndefu, muuguzi anakuja kila siku saa kumi na moja. Nikabishana naye kama ndugu. Akaenda kufungua bomba jikoni, akaliacha linamwagika muda mrefu. Aliporudi, macho mekundu, kasema Jumatatu, kuna gari la kupakia viti vya wagonjwa, lakini dereva lazima aondoke Southend saa tisa, ana mgonjwa mwingine. Nikamwambia inatosha. Safari hii hatusubiri kitu. Tukifika tu, tunaingia.

Bi Time kauliza kama nimemwambia mzee alete taulo. Hata yeye kashikwa na jambo hili. Kapika visheti tuchukue.

Jumatatu, 1 Septemba

Tumefika saa saba mchana. Jua zuri, upepo hakuna. Nilishuka wa kwanza, nikakimbia mpaka kwenye ukingo wa barabara ya ufukweni niangalie pa kumteremshia.

Hakuna bahari. Tope. Tope la kijivu linang'aa, mpaka mwisho wa macho, mashua zimelala ubavu, ndege weupe wanatembea. Maji yapo, mstari mwembamba mbali kule kama uzi.

Sikuangalia. Mie, mtoto wa mkulima wa mwani. Kule nilisubiri maji yasiyoondoka, na hapa, pahala ambapo kila mtu angeangalia, sikuangalia, kwa sababu niliapa kuwa sitangoja tena. Nilikuwa na simu mfukoni njia nzima. Nilikuwa namsomea mzee habari za gati lao refu. Hata hilo sikujiuliza, gati refu hivyo la nini.

Sapna akamsukuma mpaka kwenye reli. Sikuweza kumtazama mtu. Mzee akaangalia lile tope muda. Ile nusu ya uso wake inayofanya kazi ikafanya kitu ambacho mwanzo nilidhani ni kulia.

"Imepwa," kasema. Akavuta pumzi kwa pua. "Inanuka nyumbani."

Nikatazama saa za maji kwenye simu, sasa hivi ndiyo nikatazama. Yatajaa saa moja na robo usiku.

Akanigeukia. "Tusubiri?"

Nikamtazama Sapna. Akampigia dereva, nikamsikia anavyomuomba, sijawahi kumsikia akimuomba mtu. Dereva hawezi, ana mama wa mashine ya figo kule Romford. Akampigia muuguzi. Akatafuta gari jingine, kila pahala ni kesho au kesho kutwa. Pumzi za mzee zilikuwa zinahesabika kwa sauti.

"Hatuwezi, mzee," nikamwambia.

"Hatuwezi," kasema naye, kama anajifunza neno.

Tulikaa mpaka saa tisa kasorobo. Visheti vya Bi Time tulikula mie na Sapna. Maji yalikuwa yanarudi, wallahi nimeona, mstari umenenepa kidogo, mashua moja ya mbali imesimama. Nikamuonesha. Alikuwa kashalala.

Alhamisi, 4 Septemba

Hospitali. Mzee kalazwa. Sapna anakaa mchana, mie jioni. Ejensi hainilipi saa za huko, naenda tu.

Jumamosi, 6 Septemba

Kaamka kidogo. Kauliza maji yamefika wapi. Nikamwambia magotini.

Nimemdanganya, na sijutii, na haikusaidia kitu. Kashusha mkono wake mzima pembeni mwa kitanda, vidole chini, kaushikilia hewani pale. Kisha kaupandisha na kuutazama. Mkavu.

Jumatatu, 8 Septemba

Bwana Praful kafariki leo saa kumi na mbili jioni. Sapna alikuwepo. Mie nilikuwa kwenye treni ya Jubilee, njiani.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekwenda Harrow kurudisha ufunguo. Karatasi za vidonge bado zipo ukutani. Nikamuuliza Sapna atampeleka lini Krete, kwa mkewe. Kasema hawezi kurudi kule. Labda mwakani. Labda. Kaniuliza kama nataka albamu moja, nikasema hapana, halafu nikachukua ya mwisho.

Bi Time ananambia nisijitese, majivu yatafika tu siku moja, bahari ni moja, si ndiyo mie niliyesema hivyo. Nikamwambia alitaka kusimama. Akazima tamthilia yake, akakaa na mie, na sikumbuki kama ameshawahi kuizima.

Jumatatu naanza kwa mzee mwingine, Ilford.

Southend leo maji yamejaa saa tisa na dakika kumi. Nimeangalia.